Mluzi Kutoka Butembo

Kwanza ulikuja mluzi. Sikuwa nimeona kitu bado. Nilikuwa nimeinama barazani, nakwangua matope ya Beni kwenye viatu kabla ya kufungua biro, ofisi yetu, na mluzi ukatoka ndani, mwembamba, ukapanda, ukashuka, ukakatika. Kisha imprimante, printa yetu, ikaanza kusaga. Niliujua mlio ule vizuri sana, maana ni mimi niliyeuamsha kila siku kwa kidole changu. Lakini kidole changu kilikuwa nje, kufuli lilikuwa mlangoni, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Sentinelle wetu, mlinzi mzee wa kutoka Kirumba, alikuwa ametoka kuwasha groupe, jenereta yetu, nyuma ya nyumba. Alikuja na panga lake, akaweka sikio kwenye ubao.

— Kuna mutu ndani?

— Hapana, Papa.

— Mais anafanya kazi.

Nilifungua. Ndani hapakuwa na mtu. Kompyuta ilikuwa inawaka juu ya meza, na kutoka kwenye imprimante ulining'inia ulimi mweupe wa karatasi. Iliandikwa, ikianza na salamu ya asubuhi ya Kinande: *Wavukire, dada. Ninaandika hii nikiwa Butembo. Usiguse kitu.*

Mzee aliniomba nimsomee. Nilipomaliza alirudisha panga kwenye ala, akasema mutu wa namna hiyo, asiyekula na asiyelala, patron atamupenda sana kutupita sisi wote.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita, na mimi nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari bila mahali pa kwenda. Chuo kikuu nilichokitamani kilikuwa Kisangani, upande mwingine wa mstari ambao hakuna aliyeuchora na kila mtu aliuogopa. Njia ya kusini ilifungwa na watu wenye bunduki, njia ya magharibi ilifungwa na msitu na watu wenye bunduki. Kati ya Butembo na Beni magari yalipita siku ambazo barabara ilikuwa na roho nzuri. Nikapata kazi ya kuchapa karatasi kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, patron wetu, aliyenunua kahawa na utomvu wa papai na kuvipeleka Uganda kupitia Kasindi. Depo yake ya Beni ilikuwa nyumba ya matofali yenye madirisha ya nondo. Nilikaa nyuma ya nondo zile kuanzia asubuhi mpaka groupe ilipozimwa. Nje niliona kipande cha barabara na mwembe mmoja uliochanwa na kipande cha bomu. Nikajifunza kuandika hadithi humo, kwenye kompyuta ya patron, katika saa ambazo hakuna lori.

Mashine yenyewe, ile ambayo wote tuliiita mashine, ilikuwa Butembo. Niliiona mara moja tu. Ilikuwa kabati jeusi la kufika kifuani, limefungiwa chumba cha peke yake, linapuliza upepo baridi miguuni. Makarani walikaa mbele ya vioo vyeusi vyenye maandishi ya kijani, na kila gunia, kila lori, kila jina la mkulima lilikuwa tumboni mwa kabati lile. Patron aliinunua kabla ya vita, ikiwa imeshatumika Ulaya, na pamoja nayo akamleta mtu kutoka Kisangani wa kuiendesha. Tulimwita Fundi. Alikuwa mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ambazo mji mzima ulilala na nguo kwa kuogopa kukimbia usiku.

Kazi yetu sote wawili ilikuwa hivi. Lori likipakiwa Butembo, kule barrière, kizuizi cha barabarani cha Beni, wanajeshi walitaka karatasi ya Kifaransa, yenye kichwa cha nyumba ya biashara, na fremu, na mahali pa mhuri. Kabati jeusi halikujua kuandika barua nzuri. Lilijua kuhesabu tu. Kompyuta yangu ilijua kuandika barua nzuri, lakini haikujua kitu kuhusu magunia. Kwa hiyo Fundi alichimba habari kwenye mashine, akanisomea kwa phonie, ile redio ya sauti ambayo depo zote zilikuwa nayo, na mimi nikachapa, na gérant wa Beni, msimamizi wa depo, akatia saini. Hakuna mwingine aliyejua kuchimba. Ndiyo maana Fundi hakuweza kwenda popote.

Na alitaka kwenda. Mke wake na watoto walikuwa wamekimbia Kisangani wakati majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji, wakafika Kampala kwa dada yake. Dereva mmoja wa Kasindi alileta ujumbe wa mdomo: mama wa watoto atasubiri mpaka shule zifunguliwe. Baada ya hapo atawapeleka Lusaka kwa kaka yake, kwa sababu nyumba ya Kampala imejaa na uvumilivu wa wenyeji una mwisho. Wakifika Lusaka, Fundi alisema, hatawapata tena. Hakuwa na simu ya kuwaambia kitu. Na mfanyakazi yeyote aliyetaka kuvuka barrière alihitaji karatasi ya ruhusa kutoka kwa patron wake, la sivyo wanajeshi walimhesabu kuwa mpelelezi.

Patron hakuwa mtu mbaya. Kila Jumapili alikaa benchi la tatu kanisani, na alilisha familia nyingi ambazo sitazitaja. Lakini kila Fundi alipoomba ruhusa, alimjibu kwa upole kwamba akiondoka, mashine itabaki kabati la kuwekea sahani.

Asubuhi zetu zilianza na mwito wa phonie. Butembo iliita, na depo zikajibu moja baada ya nyingine: Kayna, Kirumba, Kyavinyonge, Beni. Kila mtu alimsikia kila mtu. Asubuhi moja Fundi aliomba tena ruhusa, na safari hii aliiomba hewani, mbele ya wote, na akaongeza kwamba atafundisha mashine ifanye kazi yake. Tulisikia patron akivuta pumzi.

— Siku mashine ya hapa itaandika karatasi Beni yenyewe, bila mukono wako, nitakuachilia. Terminé.

Kisha sauti ya mama wa Kirumba, aliyekuwa anauza maharagwe ya patron na hakumwogopa mtu:

— Kirumba bien reçu, Patron. Na ndugu wa Kayna amesikia. Wote tumesikia, hein.

Neno likisemwa kwa phonie, jioni linakuwa sokoni. Patron alijua hivyo kuliko sisi.

Fundi alifanya kazi juma baada ya juma. Alikuja Beni mara moja, amejificha chini ya magunia kwenye lori, akaweka ndani ya kompyuta yangu programu ndogo ambayo haikufanya kitu ila kukaa na kusikiliza. Ilikuwa dirisha dogo la kijivu kwenye kona ya kioo. Akaunganisha kompyuta na phonie ya pili kwa kisanduku kilichogeuza maneno ya mashine kuwa miluzi. Akanionyesha kwamba kitufe cha kompyuta kitaachwa kimebonyezwa siku zote, ili groupe ikiwaka, nayo iamke.

Nilimuuliza mashine ya Butembo itaiomba nini kompyuta yangu.

Akasema haitaomba. Itaamuru. Karani akithibitisha lori kwenye kioo cha kijani, programu ya kule itatuma amri: fungua barua fulani, jaza majina haya, ihifadhi, ichape. Kompyuta itatii kama vile mimi nimekaa hapa na vidole vyangu. Alisema hivyo kwa furaha, na mimi nilitazama vidole vyangu.

Ile karatasi ya salamu, asubuhi ya mluzi, ilikuwa jaribio lake la kwanza kufaulu. Siku zilizofuata nilianza kujua maana ya kuamriwa kutoka mbali. Nilikuwa naandika sentensi, labda juu ya mto, labda juu ya msichana anayetembea kando ya mto, na katikati ya neno kioo kiliruka. Barua ya magunia ilijitokeza juu ya mto wangu, herufi zikajimwaga zenyewe, imprimante ikasaga, barua ikajifunga, na msichana wangu alikuwa bado pale na mguu mmoja hewani. Sikuweza kuizuia. Sikuweza kutoka pia, kwa sababu mtu alipaswa kuwapo wa kuweka karatasi na kuzima moto kama kisanduku kingewaka. Nilikuwa mlinzi wa kitu ambacho hakikunihitaji.

Siku ya kumwonyesha patron ilipangwa. Malori yalipakiwa Butembo yakiwa yamewasha injini. Patron aliketi mwenyewe nyuma ya karani. Huku Beni gérant alivaa koti. Alikuwa Mnande wa Lubero, katekista, mtu wa polepole na wa heshima, na tulimwita Papa Gérant hata alipokuwa hayupo.

Saa ile ile mbingu ikaanza kunguruma kutoka upande wa Ruwenzori.

Nyumbani kwetu, radi ikianza, kioo kinafunikwa. Mama zetu walifanya hivyo na bibi zetu kabla yao: kioo cha kujitazamia kinageuzwa ukutani au kinavikwa kitenge, maana kinaita radi. Papa Gérant alikuwa ameona radi ikiua wanafunzi wawili chini ya bati la shule, na hakuwa na mzaha na jambo hilo. Aliitazama kompyuta. Alitaka kuchomoa kila kitu. Nilimkumbusha kwamba Fundi amekataza kuchomoa. Alifikiri, akakubali kwamba neno la Fundi liheshimiwe. Kisha akachukua kitenge ambacho mke wake alimfungia chakula, akaivika kompyuta vizuri, kwa pembe zote, kama mtu anayefunika mtoto. Akatutoa wote barazani, mbali na nyaya na vyuma, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Mvua ikaanguka. Tulikuwa tumesimama mimi, yeye na sentinelle, migongo ukutani, na ndani tukasikia mluzi. Nikangoja imprimante. Haikusaga.

Baadaye ikaja sauti ya patron kwenye phonie, nyuma ya mlango:

— Beni, Beni. Karatasi imetoka? À vous.

Nilimtazama Papa Gérant. Akatikisa kichwa. Mtu hashiki kipaza sauti wakati wa radi.

— Beni, munasikia?

— Tunasikia, Patron, sentinelle aliujibu mlango kwa sauti ya chini. Mais tuko na Mungu kwanza.

Papa Gérant alimkemea, lakini mdomo wake ulicheka kidogo upande mmoja.

Huko Butembo, nilikuja kuelezwa, kila kitu kilikuwa kimeganda. Amri ilikuwa imefika kwetu vizuri, na Fundi alikuwa ameiandika programu yake ingoje jibu kabla ya kuendelea. Jibu halikurudi. Kioo cha karani kikafungwa. Na kwa kuwa programu ilikuwa imeshika faili ya mizigo, makarani wengine waliogusa faili ile nao wakakwama, mmoja mmoja, mpaka chumba kizima kikawa kimekaa mikono mapajani. Uani injini ziliendelea kunguruma, mafuta yakiisha, na saa ya kufungwa barrière ikisogea. Patron alimtazama Fundi. Fundi alitazama alama ndogo kwenye kona ya kioo iliyosema subiri.

Radi ilipohamia msituni, Papa Gérant alifungua. Nilivuta kitenge. Chini yake, katikati ya kioo, kiliwaka kisanduku kidogo cha swali, kikiwa kimemngojea mtu muda wote ule gizani: faili yenye jina hili ipo tayari, ibadilishwe? Ndiyo, au hapana. Jina lilikuwa lile lile la barua ya majaribio ya jana yake. Basi. Swali moja chini ya kitenge, na mji wa mbali umesimama.

Nilimwita Fundi kwa phonie, nikamsomea. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa:

— Bonyeza ndiyo, dada.

Nilibonyeza. Imprimante ikasaga. Kule Butembo vioo vyote vikafunguka kwa pamoja. Lakini barrière ilikuwa imefungwa, na malori yalilala uani. Patron alishika kipaza sauti, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoumiza.

— Donc, Fundi, mashine ni wewe. Bakia tu.

Usiku ule sikuandika kitu. Nilikuwa na hakika kwamba sisi wote, Fundi kule na mimi huku, tutazeeka ndani ya vyumba vile viwili, tukipigiana miluzi.

Fundi alirekebisha mambo mawili. La kwanza, kila barua ikapewa jina lake la peke yake, ili kompyuta isipate swali la kuuliza. La pili aliniambia kwa phonie baada ya mwito wa asubuhi, depo nyingine zilipokwisha kuzima. Alikuwa ameondoa ule mstari wa kungoja. Sasa mashine ingetuma amri na kuendelea na shughuli zake, na jibu lije likija.

— Nilipenda sana jibu, akasema. Hivi vita vinatufanya hivyo. Mutu anataka kujibiwa kila saa kwamba bado upo.

Aliyemrudisha patron kwenye neno lake alikuwa mama wa Kirumba. Asubuhi moja, baada ya kutaja magunia yake ya maharagwe, aliuliza kwa upole kama ile ahadi ya Patron imelowa na mvua ya Beni au bado iko kavu. Kayna akacheka hewani. Kyavinyonge, ambaye kwa kawaida alizungumza juu ya samaki tu, akasema na yeye angependa kujua.

Patron alikohoa. Fundi akaingia mara moja: Patron amtoe Butembo. Akiwa pale watasema ni mkono wake. Ampe ruhusa ya Beni tu, kwenda na kurudi. Karani athibitishe lori la kwanza bila yeye. Mashine ikikosea, atarudi Butembo na lori litakalomleta na hataomba tena.

Hataomba tena. Wote tulisikia hayo pia, na Patron akakubali.

Fundi alifika Beni mchana, vumbi mpaka kwenye kope, na shati limepigwa pasi. Alikuwa na begi dogo na furushi la samaki wakavu wa Kyavinyonge, kwa sababu mke wake alikuwa mtu wa mto na hakuweza kula sahani isiyo na samaki. Samaki walinuka biro nzima. Papa Gérant aliwatazama, akasema kama mashine ikikataa, angalau sisi tutakula. Fundi alicheka, halafu akaketi kwenye benchi chini ya dirisha la nondo na hakucheka tena. Shule zingefunguliwa karibuni. Lori la Kasindi lilikuwa limesimama nje chini ya mwembe, na dereva wake alikuwa ameshasema hangojei mtu akishamaliza sigara.

Dirisha dogo la kijivu lilikaa kwenye kona yake. Fundi hakuligusa. Aliweka mikono chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa.

Mluzi ukaja. Ukapanda, ukashuka, ukakatika. Kioo kikaruka, barua ikajitokeza, majina yakajimwaga, imprimante ikasaga. Papa Gérant alivaa miwani, akasoma kila mstari kwa kidole: lori, dereva, kahawa, Kasindi. Akatia saini. Nje dereva alikuwa amefika nusu ya sigara.

Tulingoja. Sasa haikuwa kazi ya mashine tena. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja kule Butembo, ambaye angeweza kukaa kimya tu, na ukimya wake ungetosha kuwa jibu. Phonie haikulia. Fundi alianza kufunga vizuri kamba ya furushi lake, akaifungua, akaifunga tena. Nilitaka kumwambia neno, lakini maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya hadithi.

Mluzi wa pili ulikuja taratibu. Kati ya barua ambazo Fundi aliifundisha mashine kuandika, ilikuwapo na ile ya ruhusa ya safari ya mfanyakazi, kwa madereva na wasaidizi wao. Ndiyo iliyofunguka. Jina lake likaingia. Mahali pa kwenda: Kasindi, na mbele. Baadaye karani alinisimulia kwamba patron aliwasukuma wote pembeni, akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja, huku akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano.

Papa Gérant alisoma mpaka chini, akageuza karatasi, akatazama nyuma yake.

— Imeandika kwenda tu. Kurudi haiko.

Akachukua kipaza sauti, akauliza Butembo kama mashine imesahau kitu. Patron akajibu mwenyewe.

— Haikusahau. Tia saini.

Fundi alipokea karatasi kwa mikono miwili. Alimwambia Papa Gérant wasingya, asante ya Kinande, neno la ugenini kwake. Akaja mezani kwangu. Kwenye kioo, barua ilikuwa imejifunga, na sentensi yangu ilibaki wazi. Aliisoma, na mimi sikuificha.

— Usifunge dirisha ndogo, akasema.

— Nikilifunga?

— Malori yatasimama, akajibu. Mais wewe, dada, sikuandika amri ya kukutuma wewe, wala ya kukuweka hapa. Hiyo mashine haiko nayo.

Nilimwambia yeye ndiye anayekwenda, mimi ndiye ninayebaki na mluzi. Hakupinga. Angeweza kunidanganya kwamba barabara ya Kisangani itafunguliwa karibuni, watu wengi walinidanganya hivyo, lakini yeye aliinamisha kichwa tu. Nje dereva alipiga honi. Upande wa Ruwenzori kulinguruma kidogo, na Papa Gérant akaanza kutafuta kitenge chake kwa macho.

Fundi alichukua begi, akachukua samaki. Kizingitini aligeuka, akatazama kwanza imprimante, halafu mimi. Kisha akatoka, na kwa mkono wake wa bure akauvuta mlango nyuma yake, polepole, ili upepo usije ukapeperusha karatasi.